Hakuna Tukio

Saa nane na robo usiku, kiwanda cha sabuni, Gofu.
Lori la tangi limeingia kinyumenyume,
dereva ametoka Dar, hajala, macho yamemwiva.
"Dada, nishushie mzigo nijiondokee."

Ukutani kwetu kuna midomo miwili ya bomba, mapacha:
wa asidi, na wa dawa ya kupaushia.
Aliyeijenga alipenda vitu vifanane.
Nimeandika barua tatu ibadilishwe;
ya tatu ilijibiwa: Imepokelewa.
Basi nikaipaka rangi mwenyewe, huu njano, huu buluu,
masalio ya kopo la shangazi alipopaka nyumba Mikanjuni,
nikatia kufuli kila mmoja,
na funguo zinalala hapa, chini ya mtandio.

Hati inasema: dawa ya kupaushia.
Muhuri upo. Saini ipo, ndefu, yenye mkia.
Singano, fundi wa zamu, keshaubeba mpira begani.
"Mwantumu, fungua basi. Hati imesema."
Hati husema ilichoambiwa.

Nimevaa miwani, glovu, aproni inayonuka mpira,
nimekinga matone mawili kwenye kikombe cha kioo,
nimechovya kikaratasi cha litmasi.
Kimekuwa chekundu
kama ulimi wa mla tambuu.

Hapana aliyesema neno.
Singano aliushusha mpira taratibu,
kama anayelaza mtoto aliyesumbua kulala.
Dereva aliichukua hati, akaisoma upya,
akaigeuza nyuma, kulikokuwa kweupe.

Asidi ingeingia kwenye tangi la buluu,
zingekutana mle ndani, mahasimu wawili chumba kimoja,
na ule moshi wa kijani-manjano
haupandi juu kama moshi wa kuni wenye adabu zake.
Ni mzito. Hutambaa. Hupita chini ya mlango,
huwatafuta waliolala mkekani kabla ya waliolala kitandani.
Mfuko wa upepo juu ya paa ulikuwa umeelekea Mabawa,
kule ambako Bi Mwanaidi huamka saa kumi
kuumua unga wa vitumbua,
dirisha wazi, kwa sababu ya joto.

Nimekaa mezani. Nimefungua daftari la zamu.
Mkono wangu, kwa mazoea, umeandika:
Hakuna tukio.

Kalamu ikasita.

Mwaka juzi mtu aliazima kostiki kidogo tu,
akaitia katika chupa ya juisi ya ukwaju,
akaiweka rafuni, karibu na vikombe vya chai.
Siku tisa chupa ile ilikaa pale.
Nimerudi kuzihesabu kurasa: siku tisa,
miandiko minne tofauti, wangu mmojawapo,
Hakuna tukio, Hakuna tukio,
mpaka siku ya kumi, kijana Hoza alipotoka kwenye tanuri ana kiu.

Nimeikata ile mistari yangu miwili ya maneno mawili.
Nimeandika namba ya lori, jina la dereva, saa,
rangi ya kikaratasi, nikakibandika chenyewe kwa gundi.
Nimeandika midomo mapacha, barua tatu na tarehe zake.
Nimeandika upepo ulikokuwa unaelekea.
Nafasi ya maelezo imekwisha, nikageuza ukurasa,
nikaandika mpaka ndani ya kisanduku cha saini ya meneja.
"Unaandika nini kirefu hivyo," Singano akauliza,
"na wala hakikutokea kitu?"
Nikamwambia: "Hicho hicho."

Lori limerudi barabarani na mzigo wake.
Getini, Hoza amekiinua kizuizi,
siku hizi ndiyo kazi aliyopewa.
Amenitazama, akauliza kulikoni,
kwa mnong'ono,
maana sauti nyingine hana.
Nimemsogelea, nikamsimulia yote, tangu mwanzo,
na alipotaka kuuliza zaidi
nikampa daftari asome.